Waongoza Mazishi: Kazi Mpya na Mlango Wake

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya kweli sokoni. Mwenye mahindi mazuri hana haja ya kupaza sauti; watu huyaona kwa macho yao, huyaonja, na siku ya pili hurudi wakileta jirani zao. Lakini iko kazi moja katika nchi za ng'ambo ambayo methali hii haiifai sana. Mnunuzi wake hununua akiwa na machozi machoni. Hawezi kuonja kabla ya kununua. Wala hapendi kurudi tena kesho. Kazi hiyo ni ya mtu aongozaye mazishi ya watu wengine kwa ujira, naye si padre wala mchungaji. Katika habari hizi twataka kueleza kazi hiyo ilitoka wapi, yafanywaje, na kwa nini mtu aliyekwisha kufundishwa kazi hiyo hupata taabu nyingi kabla hajaitwa hata mara moja.

Yafaa tutenganishe watu wawili, wasomaji wasije wakawachanganya. Wa kwanza ni yule auzaye majeneza, avishaye maiti, aletaye gari na wachukuzi. Huyo tutamwita mtengeneza mazishi. Wa pili ni yule asimamaye mbele ya watu, asimulie maisha ya marehemu, aseme maneno ya kuagana, na kuongoza shughuli tangu mwanzo hata mwisho. Huyo ndiye mwongoza mazishi, na habari zake ndizo tunazozitaka.

1. KINYWA CHA WAFIWA

Tangu kale watu wamejua ya kuwa mfiwa hana kinywa. Moyo umejaa, ulimi umekauka. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yametafuta mtu wa kando wa kusema au kulia kwa niaba ya wenye msiba. Katika Yeremia 9:17 twasoma habari za wanawake waombolezaji walioitwa kwa kazi hiyo, na katika Mathayo 9:23 twasoma ya kuwa Bwana Yesu alipofika nyumbani kwa yule mkubwa aliyefiwa na binti yake, aliwakuta wapiga filimbi wamekwisha kufika. Hao walikuwa watu wenye ujuzi wao, walioitwa kwa ajili ya ujuzi huo.

Kwetu pia jambo hili si geni. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani, hutia mzaha penye machozi, hushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na kisha hupewa chake kwa desturi. Na watu wa pwani wana neno zuri, mzishi, maana yake rafiki wa moyo ambaye mtu humtumaini kwamba ndiye atakayemzika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema wazee, na hakuna mahali ambapo neno hili lina nguvu kuliko penye msiba.

Warumi wa zamani walikuwa na desturi nyingine. Alipokufa mtu mkubwa, maiti yake ilichukuliwa mpaka uwanja wa mji, na mwanawe au jamaa yake akapanda jukwaani kuhutubu sifa zake. Mwaka 69 K.K. Julius Caesar alihutubu hivyo kwa ajili ya shangazi yake Julia. Lakini Cicero, mwenye hekima na msemaji mkuu wa Warumi, aliandika mwaka 46 K.K. ya kuwa hotuba za namna hiyo zimeharibu historia ya taifa lao, kwa sababu ndani yake ziliandikwa shangwe za ushindi usiopata kutokea, na nasaba zisizo za kweli. Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia. Asemaye juu ya maiti huingia katika jaribu la uongo, na aghalabu hakuna athubutuye kumkanusha.

2. JINSI MAMBO YALIVYOBADILIKA UINGEREZA

Kwa karne nyingi Waingereza hawakuwa na haja ya kuuliza ni nani atakayeongoza mazishi. Uwanja wa kanisa la parokia ulikuwa ndio makaburi ya wote, na padre wa Kanisa la Uingereza ndiye aliyesoma ibada katika Kitabu cha Sala. Hata wafuasi wa madhehebu mengine, wakizikwa hapo, walizikwa kwa ibada yake. Jambo hili liliwaudhi wengi, na ugomvi ukadumu miaka mingi. Hata mwaka 1880 ikatolewa sheria iliyowaruhusu jamaa za marehemu kumzika katika uwanja wa parokia pasipo ibada ya Kanisa la Uingereza, mradi watoe taarifa saa 48 mbele. Waliweza kuzika bila ibada yo yote, au kwa ibada nyingine ya Kikristo iliyo na utaratibu.

Ufaransa nako kulikuwa na ugomvi wa namna hiyo, na mkali zaidi. Mwaka 1873 mkuu wa serikali mjini Lyon aliamuru mazishi yasiyo na padre yafanywe mapema asubuhi tu, saa kumi na mbili wakati wa joto na saa moja wakati wa baridi, kana kwamba ni jambo la aibu lisilostahili kuonwa na watu. Lakini miaka 14 baadaye, tarehe 15 Novemba 1887, sheria ilimpa kila mtu mzima haki ya kuamua mwenyewe azikwe namna gani.

Basi ruhusa ilipatikana, lakini ruhusa peke yake haikuleta kazi mpya. Kilichoileta kazi ni jambo jingine, nalo ni moto. Mwaka 1884 tabibu mmoja wa Wales, jina lake William Price, alishtakiwa kwa sababu alijaribu kuichoma maiti ya mwanawe mchanga. Jaji akaamua ya kuwa kuchoma maiti si kosa la sheria, maadamu hakuwaletei watu madhara. Tarehe 26 Machi 1885 maiti ya kwanza ilichomwa katika tanuru lililojengwa kwa kazi hiyo huko Woking, na mwaka 1902 Bunge likatoa sheria ya kuusimamia uchomaji. Mwanzoni waliochagua moto walikuwa wachache sana. Lakini miji ilikua, makaburi yakajaa, na kufika mwaka 1968 maiti zilizochomwa Uingereza zilizidi zile zilizozikwa.

Msomaji aweza kuuliza, moto una uhusiano gani na msemaji? Uhusiano ni mkubwa. Zamani mtu alizikwa nyuma ya kanisa alimobatizwa, na padre aliyemzika aliijua nyumba yake. Sasa maiti ilichukuliwa mpaka nyumba ya kuchomea, pengine pembezoni mwa mji, ambako jamaa moja huingia kwa mlango wa mbele hali jamaa nyingine inatoka kwa mlango wa nyuma, na kila jamaa ina nusu saa yake. Katika mahali pengine wachungaji waliwekwa kwa zamu. Aliyekuwa wa zamu aliongoza mazishi ya huyu, kisha ya yule, kisha ya mwingine, watu ambao hakupata kuwaona maishani mwao. Jina alilisoma katika karatasi. Bibi aliyejulikana miaka 80 kwa jina la nyumbani aliagwa kwa jina la cheti, ambalo hata wajukuu zake hawakulijua.

Hatuwalaumu wachungaji hao. Hakuna mtu awezaye kuwalilia wageni watano kwa siku moja na kila mmoja akamlilia kwa moyo mzima. Lakini wafiwa walirudi nyumbani wakiona kana kwamba amezikwa mtu ye yote tu, wala si baba yao. Jeraha hilo ndilo lililoizaa kazi mpya.

3. MLANGO WAFUNGULIWA AUSTRALIA

Kazi yenyewe haikuanza kupata sura yake Uingereza, bali Australia, na ilianza kwa ndoa kabla ya mazishi. Sheria ya ndoa ya Australia ya mwaka 1961 ilikuwa imeacha nafasi ya kumteua mtu afaaye, asiye mchungaji wala karani wa serikali, afungishe ndoa. Nafasi hiyo ilikaa bila kutumiwa hata Desemba 1972, Lionel Murphy alipokuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Gough Whitlam. Murphy aliona ya kuwa wale wasiokwenda kanisani hawakuwa na mahali pa kuoana ila ofisi ya serikali, kwa haraka, saa za kazi, pasipo heshima ya kutosha. Tarehe 19 Julai 1973 alimteua Lois D'Arcy, mwanamke kijana wa Queensland, kuwa mfungisha ndoa wa kwanza wa namna hiyo. Husimuliwa ya kuwa wakubwa wa ofisi yake hawakuupenda mpango huo, hata Murphy akaipiga barua ya uteuzi kwa mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Kumbe mlango wa ndoa ulikuwa na mlango wa pili ndani yake. Watu walioona ndoa zikifungishwa kwa maneno yaliyowahusu wenyewe walianza kuuliza, je, hatuwezi kuzikana kwa namna hiyo? Wengi katika wafungisha ndoa walisita. Walisema waliitwa kwa shangwe, hawakuitwa kwa kilio. Na kwa kweli serikali haikuwapa neno lo lote la mazishi. Lakini katika miaka ya 1970 mjini Melbourne walikuwako wachache waliokubali. Mmoja wao ni Dally Messenger, aliyekuwa hapo kwanza padre wa Kanisa Katoliki, na mwingine ni Diane Storey.

Messenger alishika kanuni moja ambayo sisi twaiona kuwa ndiyo moyo wa kazi hii. Mwongoza mazishi asitunge maneno njiani. Aende nyumbani kwa wafiwa, awasikilize, aandike habari zote za marehemu, kisha awasomee kabla ya siku ya mazishi, wasahihishe kila kosa. Jina la kijiji, mwaka wa ndoa, mtoto aliyekufa mchanga ambaye watu wengine wamemsahau, yote yathibitishwe na wenyewe. Hapo twamkumbuka Cicero. Lile jaribu la uongo alilolionyesha mwaka 46 K.K. lilipata dawa yake. Dawa hiyo ni kalamu, na watu wa nyumbani wenye ruhusa ya kukata.

Tokea hapo kazi ilienea. Uingereza walikuwako tangu zamani watu wachache wasioamini dini waliozikana kwa maneno yao wenyewe. Mwaka 1989 Jane Wynne Willson alitoa kitabu kidogo cha kuwaongoza watu wa fikira hiyo, na wanachama wao wakafundishwa kazi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakatokea waongoza mazishi wa namna ya pili, wasiofunga mlango kwa imani yo yote. Hao, wafiwa wakitaka Zaburi ya 23 au Sala ya Bwana, huisoma, wasipotaka, huiacha. Marekani nako chuo cha kuwafundisha watu kazi hii kilianzishwa mwaka 2001 katika jimbo la New Jersey.

4. KAZI YENYEWE

Atazamaye kutoka kitini hudhani ni kazi ya nusu saa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwanza simu hulia: fulani amefariki, mazishi ni siku fulani, saa fulani. Mwongoza mazishi huenda nyumbani, huketi pamoja na wafiwa saa moja au mbili, pengine zaidi. Huuliza kidogo, husikiliza sana. Huko husikia mengi: sifa, lakini pia deni, ulevi, ndugu wawili wasiosemezana miaka 10. Yampasa kupima ni lipi la kusema mbele ya watu na lipi la kuliacha palepale nyumbani. Akimfanya marehemu kuwa malaika, waliomjua watainama kwa aibu. Akiyafunua yote, atawajeruhi walio hai. Njia ya katikati ni nyembamba, na hakuna awezaye kuipita pasipo ruhusa ya wafiwa wenyewe.

Kisha huandika usiku. Hupeleka maandishi, huyapokea na masahihisho, huandika tena. Hupanga nyimbo, wasomaji, na mahali pa kunyamaza. Siku ya mazishi hufika mapema, huonana na watu wa nyumba ya kuchomea, hujaribu vyombo vya muziki, huhesabu dakika. Dakika zina ukali wake, maana jamaa nyingine yangoja nje, na mahali pengine atakayepitisha saa hutozwa fedha. Baada ya mazishi huwapa wafiwa nakala safi ya maneno yote, nayo hutunzwa pamoja na picha na vyeti. Ukijumlisha saa zote, ile nusu saa imekula siku nzima au zaidi.

5. JINSI MWANAFUNZI MPYA ATAFUTAVYO KAZI

Sasa twamchukua mtu aliyemaliza mafunzo. Ana cheti mkononi. Aghalabu si kijana. Pengine alikuwa mwalimu, au muuguzi, au mtumishi wa kanisa aliyestaafu. Amejifunza kuandika, kusoma kwa sauti, na kusimama imara penye kilio. Huketi nyumbani akingoja simu. Simu hailii.

Kwa nini hailii? Kwa sababu mfiwa hamtafuti mwongoza mazishi. Mfiwa humtafuta mtengeneza mazishi, maana jambo lililo mbele yake usiku ule ni maiti. Ni mtengeneza mazishi aulizaye, "Je, mnataka mchungaji, au mtu mwingine?" Wakijibu mtu mwingine, yeye ndiye atajaye jina, na hulitaja jina la mtu anayemjua na kumwamini. Ujira nao mara nyingi huandikwa katika hesabu yake mtengeneza mazishi, kama kitu alicholipia kwa niaba ya wafiwa. Basi mlango wa kazi hii una bawabu mmoja. Wafiwa ndio wanaohudumiwa, lakini mwenye ufunguo ni mtu mwingine.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya hana budi kwenda mlango kwa mlango. Huvaa nguo zake za heshima, huchukua barua na mfano wa hotuba aliyoiandika, na huwazungukia watengeneza mazishi wa wilaya yake. Si busara kufika wakati gari la maiti linatoka. Wengi humpokea kwa adabu, huweka karatasi yake juu ya meza, wasimpigie. Si kwamba ni wabaya. Mtengeneza mazishi amejenga jina lake kwa miaka mingi, pengine tangu babu yake, na msemaji mmoja atakayechelewa au kukosea jina aweza kuliharibu kwa dakika moja. Mazishi hayarudiwi. Ndoa iliyoharibika yaweza kuchekwa baadaye. Mazishi yaliyoharibika hukaa moyoni mwa mtu maisha yake yote.

Mara nyingi nafasi ya kwanza huja kwa ajali. Mwongoza mazishi wa siku zote ameugua, au amesafiri, au mazishi mawili yameangukia saa moja. Ndipo karatasi iliyo juu ya meza hukumbukwa. Akiitika upesi, akifika mapema, akimaliza kwa wakati, akawapa wafiwa baba yao wa kweli, ataitwa tena. Na katika viti mle ndani wamo watu 50 au 100 ambao siku moja watafiwa pia. Hao ndio soko lake. Methali yetu, basi, haikuanguka kabisa: chema chajiuza hata hapa, lakini hujiuza baada ya kuonwa, na hakionwi mpaka mtu amekifungulia mlango.

Wengine hawangoji kwa mikono mitupu. Huenda kuwasomea wagonjwa na wazee katika nyumba wanamotunzwa, huzungumza katika vikundi vya wanawake na vya wastaafu, huwafuata waongoza mazishi wa siku nyingi na kuketi nyuma wakijifunza. Wenye busara hawaachi kazi yao ya kwanza mwaka ule. Miezi mingi yaweza kupita kati ya cheti na mazishi ya kwanza, na baadaye mazishi huja mawili wiki hii, wiki tatu zijazo hakuna. Mauti haifuati ratiba ya mtu.

6. HATARI ILIYO NDANI YA WINGI

Katika Uingereza na Australia mtu haitaji leseni ili aongoze mazishi. Ndoa ina sheria, kwa kuwa hubadili haki za watu. Lakini maneno yasemwayo juu ya jeneza sheria haiyashiki. Basi ye yote aweza kujiita mwongoza mazishi, na ye yote aweza kufungua darasa la kuwafundisha wengine. Yako madarasa ya miezi mingi, na yako ya siku chache. Cheti hutolewa kwa wote, lakini mazishi hayaongezeki kwa sababu vyeti vimeongezeka.

Historia ya Australia yatupa mfano, ijapokuwa ni wa upande wa ndoa. Hata mwaka 2003 serikali ilikuwa ikiweka mpaka wa idadi ya wafungisha ndoa. Tarehe 1 Septemba 2003 kanuni mpya zilianza kuulegeza mpaka huo. Idadi ikaruka, na wengi walioingia kwa matumaini makubwa wakaambulia ndoa chache tu kwa mwaka. Kazi iliyoanza kama heshima aliyopewa mtu mmoja mmoja ikawa soko la kugombania.

Upande wa mazishi mambo mengine yameongezeka. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, watu wachache tu waliruhusiwa kuhudhuria, na wengine waliaga kwa kutazama picha zilizopelekwa kwa njia ya intaneti. Tangu hapo Waingereza wengi zaidi wamechagua namna ya bei nafuu, maiti kuchomwa pasipo shughuli wala msemaji ye yote, kisha majivu hurudishwa nyumbani. Tangu Septemba 2021 watengeneza mazishi wa huko wanalazimishwa kuonyesha orodha ya bei zao waziwazi, nayo ni haki. Lakini mfiwa asomaye bei huona upesi ni kitu gani kiwezacho kupunguzwa.

Sasa tuyaweke pamoja mambo haya. Wasemaji ni wengi, mazishi yenye shughuli yanapungua, na ujira haupandi. Mtu afanyeje apate riziki? Jaribu liko wazi: aongoze mazishi mengi, kila moja kwa saa chache. Asiende nyumbani, aulize kwa simu. Asiandike upya, achukue maneno ya juma lililopita, abadili jina. Asiwapelekee wafiwa wasahihishe, maana masahihisho hula muda. Siku moja atafanya mazishi matano, na katika la nne atataja jina la yule wa tatu.

Hapo kazi itakuwa imerudi palepale ilipotoka. Ilizaliwa kwa sababu watu walichoka kuagwa na mgeni mwenye karatasi. Na mgeni mwenye karatasi aweza kuvaa kanzu, au kuvaa koti la kawaida, jeraha ni lile lile. Si vazi lililowaumiza wafiwa. Kilichowaumiza ni kutosikilizwa. Kwa hiyo twaona ya kuwa swali la kupata kazi na swali la kuifanya vema ni swali moja, wala hayatengani. Atafutaye kazi kwa kupunguza kusikiliza huuza mbegu yake mwenyewe.

7. YATUHUSU NINI SISI?

Pengine msomaji wa kijijini atasema, "Haya ni mambo ya Wazungu. Kwetu akifa mtu kijiji kizima huja, na hakuna atafutaye kazi makaburini." Ni kweli, na tushukuru kwa hilo. Kule jirani wamekuwa wachache, ndipo mgeni akahitajiwa. Kwetu jirani bado wapo, na majembe hayakodiwi kila mahali.

Hata hivyo tujipime. Katika vijiji vingi padre au mchungaji yu mbali, na mwalimu au katekista ndiye asimamaye kaburini. Na desturi ya kusoma habari za marehemu imeenea kwetu pia: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, ameacha mke na watoto kadha wa kadha. Mara ngapi karatasi hiyo huandikwa kwa haraka, jeneza likiwa limekwisha kutolewa nje? Mara ngapi watoto wa nyumba ndogo huachwa, au mwaka hukosewa, au mtu mkali hufanywa mpole kwa nusu saa, huku wajane wakitazamana? Cicero angaliitambua karatasi hiyo.

Tusidharau, basi, kujifunza kwa watu wa mbali jambo lile waliloligundua kwa uchungu. Anayetakiwa kusema kaburini na aende kwanza nyumbani. Aketi chini. Awaulize wenyewe jina walilomwita marehemu walipokuwa peke yao. Aandike, kisha awasomee waliofiwa kabla hajawasomea watu wote. Kazi hiyo haihitaji cheti wala fedha. Yahitaji jioni moja na sikio. Na mtu aifanyaye hivyo, awe Melbourne, awe London, awe kwetu kijijini, hatakuwa na haja ya kuzunguka akijitangaza miaka mingi. Waliokuwapo watalitaja jina lake, siku ile watakapohitaji kinywa.